Siku ya Tano ya Dawa

Mwalimu alijua kuna jambo kabla hajazima gari. Kila alipokuja kumchukua, Fundi alikuwa akimsubiri nje ya geti, amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa juu chini, mkoba wake magotini kama mtoto anayesubiri basi la shule. Leo ndoo ipo, mwenyewe hayupo. Na mlango wa mbele, ambao mama yake huuacha wazi kutwa nzima ili aone nani anapita na anapita na nani, umefungwa.

Saa tisa alasiri, Jumapili. Saa kumi Fundi alitakiwa maabara kupimwa damu kwa mara ya mwisho. Keshokutwa, Jumanne asubuhi, angelazwa usingizi na sindano ndefu ingeingia kwenye mfupa wa nyonga kuvuta uboho, na uboho huo ungetembea ghorofa mbili kwenda kwa mtoto asiyemjua.

Si Fundi wala Mwalimu aliyemjua mtoto huyo. Kanuni ni hiyo. Fundi aliambiwa mambo matatu tu: ni msichana, ana miaka sita, na katika watu wote walioandikishwa kwenye daftari la wachangiaji, ni yeye peke yake aliyelingana naye. Jumatano iliyopita madaktari walianza kumpa mtoto dawa ya kuua uboho wake mbovu wote, usibaki hata chembe. Dawa hiyo haina kurudi nyuma. Ukishaanza umeanza. Leo ilikuwa siku ya tano.

Mwalimu alishuka. Kazi inayomlisha ni kufundisha udereva, na gari lake lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake. Jumapili na baada ya kazi alijitolea kwenye Nyumba ya Wazazi, ile nyumba iliyo nyuma ya hospitali ya watoto ambamo wazazi wanalala wakati watoto wao wanatibiwa. Wengine wanaojitolea hufua mashuka, wengine hupika, wengine hukaa tu na mama asiyetaka kukaa peke yake. Yeye alikuwa msindikizaji. Msindikizaji humlinda mchangiaji tangu siku anayosaini hadi siku anayotoa: asipate mafua, asipande juu ya paa, asilale na njaa. Na asiogope. Hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe, mengine ni mapambo.

"Hodi."

Akagonga mlango uliofungwa.

"Hodi tena."

"Hodi ya nini wakati nyumba umeshaizoea kuliko paka?" Sauti ya mama ilitoka ndani, ya chini. "Ingia."

Mama yake Fundi alikuwa mpishi mstaafu. Miaka ishirini na nane alipikia shule ya bweni, na sauti yake ilizoea kuvuka bwalo lenye watoto mia nne wenye vijiko. Kumsikia anaongea chini namna ile kulimtisha Mwalimu kuliko angepiga kelele.

Sebule ilikuwa safi mno. Sakafu yake Fundi aliijenga kwa mabaki ya vigae vya kazi zake zote, cha bluu kando ya cha udongo, cha maua kando ya cheusi, hakuna mistari miwili inayofanana, na bado ukiitazama unaona imetulia. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, shati limepigwa pasi, mikono imelala mapajani. Alimtazama Mwalimu anavyoingia, na lile tabasamu lake la kila siku lilianza kuja, likafika nusu, likarudi lilikotoka.

"Mkoba uko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Upo."

"Kaa kwanza, mwanangu," mama akasema. "Hapa tunakaa. Hatusimami kama askari."

"Mama, tutachelewa. Damu inapimwa saa kumi."

"Damu haina miguu. Imo ndani yake, haiendi popote. Kaa."

Mwalimu akakaa. Mama naye akavuta kiti, akakiweka katikati, ili kati ya wale wawili awepo yeye.

"Jana nilikwenda kuwatembelea wenzako," akaanza. "Kule Nyumba ya Wazazi. Watu wazuri. Yule Mratibu wenu, mama mwembamba wa miwani, alinipa chai, akaniuliza kama nina wasiwasi. Nikamwambia ninao, nimeuleta wote. Nikamuuliza, hawa wanaowatuma kwa vijana wetu wanachaguliwaje? Akanitolea karatasi ya kanuni. Kuna ya nane pale. Unaikumbuka?"

Mwalimu akazifumbata funguo za gari. "Naikumbuka."

"Nisomee. Mimi macho yangu yamechoka."

"Mama," Fundi akasema.

"Macho yangu ndiyo yamechoka, baba, si masikio. Nyamaza asome."

Mwalimu hakuwa na karatasi wala hakuihitaji. "Msindikizaji asiwe na uhusiano wa mapenzi na mchangiaji. Ukitokea, aseme siku hiyo hiyo, ampishe mwingine."

"Ulisema?"

"Hapana."

"Ulipisha?"

"Sikupisha."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja chungu na kukuta ndivyo alivyodhani. "Sikukuchongea. Nilikunywa chai yangu nikarudi. Nilitaka kwanza tuzungumze hapa, sisi watatu, maana mimi si mtu wa kumwaga mboga ya mwenzangu kabla sijajua ameitia nini." Akageuza kiti kidogo. "Miezi minne iliyopita barua ya hospitali ilipokuja, huyu alisema hataki. Alisema kwenye kiti hicho hicho. Nikashukuru. Wiki hiyo hiyo ukaja wewe na gari lako la breki mbili. Mara ya kwanza mkacheka. Mara ya pili mkacheka. Mara ya tatu akasaini. Sasa nakuuliza kama mama, na usinijibu haraka. Ulikuwa unamchekea yeye, au ulikuwa unauchekea uboho wake?"

Mwalimu akamtazama Fundi, akitegemea atasema Mama basi, atasimama, atachukua mkoba. Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Na mimi nataka kujua," akasema.

Hapo ndipo Mwalimu alipoumia. Maneno ya mama aliyategemea tangu siku nyingi, alikuwa na ngozi ya kuyapokea. Haya ya Fundi hakuwa na ngozi ya kuyapokea.

Aliikumbuka ile siku ya kwanza vizuri. Fundi aliomba ashike usukani mpaka kona tu. Akaingiza gia ya nyuma akidhani ni ya kwanza, gari likaanza kurudi taratibu kuelekea ukuta wa jirani, naye amekaza macho mbele kwa heshima zote, anasema, "Mbona ukuta wa mbele unanikimbia?" Mwalimu alicheka hadi akasahau kukanyaga breki yake. Alicheka kweli. Lakini kwenye mafunzo ya wasindikizaji waliambiwa wazi: mchangiaji mwenye hofu mfanye acheke, anayecheka hakimbii. Alikwenda pale siku ile akiwa ametumwa kucheka. Sasa akitafuta mpaka ulipo, wapi kazi iliishia na wapi yeye alianzia, hauoni.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia. Mwaka juzi alikuwa na mchangiaji mwingine, mwanamume mpole, mwenye saini nzuri. Mtoto alianza dawa, na siku ya sita yule mwanamume akazima simu. Mwalimu alikaa mbele ya mlango wake uliofungwa kuanzia asubuhi hadi jua likaegemea upande wa pili. Aliporudi Nyumba ya Wazazi alimkuta baba wa mtoto kwenye benchi la ukumbini, amenyoosha shati, anamuuliza kila anayepita kama yule mtu wa uboho ameshafika, maana angependa tu amshike mkono. Mtoto aliishi siku kumi na tisa. Tangu hapo Mwalimu alijiapia kwamba mchangiaji wake mwingine hatampotea machoni. Alipoona moyo wake unakwenda kwa Fundi, alijua anapaswa kupisha, na hakupisha. Alijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Labda. Labda pia hakutaka mwanamke mwingine akalie kiti cha pembeni ya Fundi garini.

"Mwalimu." Fundi aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyekesha. "Nimemwambia Mama nataka kukuoa."

Maneno aliyoyangoja miezi miwili yalifika, na hakukuwa na pa kuyaweka.

"Nimemwambia wiki iliyopita," akaendelea. "Akasema yeye hana neno na wewe kuachika, wala kunizidi miaka mitatu. Akasema nikuulize tu kabla ya Jumanne, si baada. Nikaona ni haki. Nataka uniambie leo. Ukisema ndiyo, naingia mle ndani nikijua nikiamka naamkia kwa nani."

"Na nikisema hapana?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

Alijikuna kiganja, penye sugu za miaka ya saruji. "Sijui. Sisemi nitakimbia. Nasema sijui. Baba aliingia chumba cha upasuaji akitembea, Mwalimu. Ngiri tu. Daktari alimwambia atakula chakula cha jioni nyumbani. Alinipa saa yake nimshikie, akanambia asitoke mtu aende nayo kucheza. Wakamlaza usingizi, na usingizi wenyewe ndio ule."

"Nilikuwa nimeshapika," mama akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ikamtetemeka. Akaikaza. "Tusizungumze hayo. Tuzungumze haya. Mwanangu amekuuliza. Jibu."

Ndiyo ilikuwa pale pale kwenye ulimi. Alikuwa nayo tangu ile jioni mvua ilipowakuta barabarani, wakasimamisha gari chini ya daraja, na Fundi akaweka mkono juu ya wake kwenye gia akasema, "Usiogope, najua sasa ipi ni ya kwanza." Hawakufanya lolote zaidi ya hapo. Walikaa tu wakisikiliza mvua, mikono miwili juu ya chuma kimoja. Alipofika kwake alikaa kwenye ngazi za nje nusu saa, hana nguvu ya kutafuta ufunguo.

Akafungua mdomo. Mama akamuwahi.

"Kabla hujasema. Baba, msikilize mama yako dakika moja. Huyu ana mtoto wa watu kule hospitali hana kitu mifupani, anasubiri chako. Mtu wa namna hiyo atakwambia ndiyo hata kama wewe ni jiwe la kusagia. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningekwambia. Kwa hiyo akikuambia ndiyo leo, utajuaje? Utaamka Jumatano, utaamka mwaka kesho, watoto wanne, unamtazama mkeo anakoroma, na bado hujui."

Hapo Mwalimu akaona alivyobanwa, na akaona mama hakupanga hivyo kwa ubaya. Alipanga kwa hofu, na hofu ya mama hupanga vizuri. Akisema hapana, Fundi anaweza kuzima simu, na msichana wa miaka sita atahesabu siku zake hadi ziishe. Akisema ndiyo, mtoto atapona na neno lenyewe litaoza. Akinyamaza, kunyamaza nako ni hapana. Na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tisa na dakika ishirini na tano.

"Naomba nipige simu," akasema.

"Simu ya kumpigia nani?" mama akauliza.

"Mtasikia. Naiweka sauti kubwa."

Akaiweka juu ya meza ndogo, katikati yao. Ikaita mara tatu. Mratibu akapokea kwa sauti ya mtu anayetembea kwenye korido.

"Mmefika maabara?"

"Bado. Tuko kwa Fundi. Mama yake yupo, na Fundi mwenyewe yupo, wanakusikia."

"Kuna nini? Ana homa?"

"Hana. Una kalamu?"

Nyayo za Mratibu zikakoma. "Ninayo."

"Andika kwamba nimevunja kanuni ya nane. Andika tarehe ya leo, ila anza kuhesabu miezi miwili nyuma. Nampenda. Sikuripoti, sikupisha. Yeye hakunishawishi nikae kimya, hakuijua kanuni. Ni mimi."

Kwenye kiti cha dirishani Fundi alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

Upande wa pili ikasikika sauti ya karatasi. Mratibu hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa na ugonjwa mbaya zaidi, wa kusema mambo makubwa taratibu.

"Unajua kinachofuata, Mwalimu?"

"Najua. Sema wasikie."

"Unatoka kwenye kazi hii dakika hii. Hutaonana naye, hutampigia, hutamwandikia, miaka miwili kuanzia leo. Muda huo wote mtoto anaweza kurudi kumhitaji. Mwili wake ukiukataa uboho wa kwanza, tutamwomba tena huyo huyo, na atakayeombwa lazima awe anaitikia kwa hiari, hakuna mtu pembeni anayemvuta. Ukiivunja hiyo miaka miwili hata mara moja, jina lake linafutwa daftarini. Hakuna mwingine anayelingana na mtoto yule. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kwa nini umesema leo? Ungenyamaza mpaka Jumatano nisingejua."

Mwalimu aliitazama simu, hakumtazama mtu. "Kwa sababu ameniuliza swali, na kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa na mtoto ndani yake. Hili la kumpoteza halina."

Mama yake Fundi aliweka mkono mdomoni.

"Fundi," Mratibu akasema. "Njoo karibu na simu. Nina maswali matatu, sheria inanidai. Mama, nakuomba usimsaidie. Mwalimu, na wewe. Fundi, kuna mtu aliyekutisha, au aliyekuahidi kitu, ili utoe uboho?"

"Nilitaka ahadi," Fundi akasema. "Leo. Sikupewa."

"Unajua kwamba ukiacha sasa mtoto hawezi kurudi alikotoka?"

"Najua." Akamgeukia mama yake, kwa kuwa alikuwa anamwambia yeye zaidi. "Wameshang'oa sakafu yote, Mama. Mwenye nyumba amesimama hewani. Fundi akiondoka siku kama hiyo, si fundi."

"La tatu," Mratibu akasema. "Fikiri kwanza. Kama mwanamke huyu usingewahi kukutana naye, ungekuja Jumanne?"

Nje pikipiki ilipita, ikaishilia. Jirani alikuwa anapiga nyundo kitu, akaacha. Fundi alimtazama Mwalimu. Hakuwahi kumtazama hivyo, si chini ya daraja, si popote. Alimtazama kama anavyotazama chumba kabla ya kukipima, kona hadi kona, akijua atakayoondoka nayo ni vipimo tu. Mwalimu naye alimtazama. Alijua jibu gani linamwokoa mtoto, na alijua jibu hilo linamfuta yeye, kicheko cha ule ukuta, mvua, miezi minne yote. Na kama Fundi angesema kweli, ile kweli aliyoisema mama, kwamba alikuwa amekataa kwenye kiti kile kile, Mratibu angelazimika kumpigia daktari asimamishe kila kitu.

"Ningekuja," Fundi akasema.

Lilikuwa neno moja, na lilitoka limenyooka. Mwalimu hakuweza kujua kama ni la kweli. Hatajua. Dakika kumi zilizopita mama alikuwa anamhurumia mwanawe kwa maradhi haya haya ya kutojua.

"Vizuri," sauti ya simu ikasema, na ikasikika kuwa imechoka ghafla. "Hatusubiri Jumanne kukulaza wodini. Fundi, unalala hospitali kuanzia leo. Namtuma nesi wetu mstaafu na gari, dakika arobaini. Damu atakupima yeye. Mwalimu, toka ndani ya nyumba. Usimuage, wala msishikane mikono. Kaa getini mpaka gari lifike, halafu uende kwako. Unasikia?"

"Nasikia."

Akaichukua simu. Kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua tisa juu ya sakafu ile ya mabaki. Aliifahamu, mara ya kwanza alipoingia Fundi alimwonyesha kila kigae kimetoka nyumba ya nani. Hakugeuka. Nyuma yake alimsikia mama anasema polepole, "Wewe mtoto. Unakwenda hivyo hivyo, bila hata kupewa kitu?" na Fundi akamjibu, "Hivyo hivyo, Mama. Nipe mkoba."

Alisimama nje ya geti na jua usoni. Ile ndoo ilikuwa pale, hakuikalia. Alijaribu kumfikiria msichana wa miaka sita, kama alivyojizoeza kufanya kila alipochoka, lakini leo hakupata sura. Alipata tu namba. Tano. Kesho sita. Miaka miwili nayo ina siku ngapi, alianza kuhesabu akaacha.

Baada ya muda komeo likalia na mama akatoka, kitambaa begani. Akasimama kando yake, wote wawili wakitazama barabara kama watu wanaosubiri usafiri mmoja.

"Nilikudhania vingine," mama akasema.

Mwalimu akasukuma kokoto kwa ncha ya kiatu.

"Sikuombi radhi. Nakuambia tu nilikudhania vingine. Nilikuona mjanja. Ujanja ningeupiga. Hiki ulichokifanya sina cha kukipigia." Alivuta pumzi. "Sasa ataingia chumba kile na wewe kichwani. Ungesema ndiyo, angeingia na mke. Ungesema hapana, asingeingia. Umemwachia kitu kikubwa kuliko vyote viwili, na ni mimi nitakayekaa nacho nyumba moja. Miaka miwili."

"Muangalie tu ale, Mama."

"Kula atakula. Nimelisha watoto mia nne, huyu mmoja ataniharibia nini." Kisha, bila kumtazama: "Yule wa simu alisema hamtaonana, hamtapigiana, hamtaandikiana. Hakusema kitu kuhusu mama."

Mwalimu akageuka kwa haraka iliyomwaibisha. Uso wa mama ulikuwa umefungwa kama ule mlango wa alasiri. Hakuweza kujua kama amefunguliwa njia au ameonyeshwa ilipo tu.

Gari likaja, la bluu, yule nesi mstaafu nyuma ya usukani na barakoa shingoni. Alimpungia Mwalimu kidogo tu. Inaelekea alishaambiwa. Mwalimu alirudi nyuma hadi ukutani, macho chini kwenye kokoto, kama alivyoagizwa. Akaona viatu vya Fundi vinapita. Vikasimama. Havikusimama mbele yake, vilisimama mbele ya viatu vya mama, hatua nne kutoka pale.

Aliinua macho. Hakuweza kujizuia.

Fundi alikuwa amemkumbatia mama yake, kidevu juu ya kile kitambaa, mdomo sikioni. Alikuwa anasema. Nesi alikuwa hajazima injini na Mwalimu hakusikia hata herufi, lakini aliuona mdomo unavyokwenda, si salamu ya kuaga, ni maneno marefu, yana mwanzo na yana mwisho, na mwishoni mama alifumba macho. Kisha Fundi akaingia garini. Hakutazama ukutani. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kwa kazi ya kutotazama. Gari likageuka, likashika barabara ya hospitali, likawa dogo, kona ikalichukua.

Wakabaki wawili.

Mama alikunja kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama barua. Akarudi ndani ya geti.

"Mama," Mwalimu akasema. "Amesema nini?"

Mama alisimama, mkono kwenye komeo. Alimtazama yule mwanamke aliyekuwa ukutani kwa muda mrefu, na kitu usoni mwake kilitaka kulegea. Labda alimwona mkwe. Labda aliona tena ule mlango ambao baba watoto aliuingia akitembea, na ambao sasa mwanawe anaupelekea mwili wake. Jumanne bado haijafika. Hakuna aliyejua kama kijana yule ataamka, wala kama baada ya kuamka hataitwa tena.

"Hajasema kitu," akajibu, na akafunga geti.